Kulala porini na watoto: tuanze na blanketi, hema baadaye



Vakansi kubwa iko karibu. Watoto wakishapata matokeo ya mwaka, watakaa nyumbani mwezi wa saba na wa nane, nasi tutarudia swali la kila mwaka: tuwapeleke wapi? Wengi wetu hatuna njia ya kusafiri mbali. Ndiyo maana katika vikundi vyetu vya hapa Lubumbashi wazo moja limeanza kuzungumzwa baada ya kugawa likelemba: jamaa mbili au tatu ziende pamoja kulala porini siku mbili, katika shamba la ndugu kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi. Watoto wasaidie kupika inje, wasikie ndege asubuhi, waone nyota bila taa za muji.

Wazo hilo ni zuri. Lakini likishakubaliwa, mazungumzo yanakwenda mbio kwenye jambo moja: hema. Linauzwa wapi? Bei gani? La rangi gani? Feza ya watu wote inaelekea huko, na siku ya safari tunabeba hema jipya pamoja na blanketi moja kwa watoto watatu.

Tunapenda kuwaomba mugeuze utaratibu huo. Vakansi yetu inaangukia kiangazi. Mwezi wa saba mvua hainyeshi Katanga. Kinachotungojea usiku ni baridi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba joto la usiku linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ndani ya nyumba ya matofali hatuisikii sana, kwa sababu ukuta unatunza joto la mchana. Kitambaa cha hema hakitunzi kitu. Saa nane za usiku, ndani ya hema ni karibu sawa na inje.

Kwa hiyo tunanunua kwanza kinachomlinda mtoto usiku: cha kulalia, cha kujifunika, chandarua, maji na mwanga. Hema linakuja nyuma yao.

Chini ya mtoto kabla ya juu yake

Mama akisikia neno baridi, anafikiri blanketi la kujifunika. Lakini mtu anayelala porini anaibiwa joto zaidi na udongo ulio chini yake. Udongo ukishapoa unavuta joto la mwili usiku kucha. Na blanketi tunalolilalia halisaidii sana, kwa sababu uzito wetu unalibana. Hewa iliyokuwa katikati ya nyuzi inatoka, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inatunza joto.

Kinachofaa chini ni kitu kisichobanwa kabisa: matela ya sponji, hata ile nyembamba ya watoto. Kama haiko, tunaweza kupanga tabaka moja baada ya lingine. Kwanza bashi au plastiki, ili unyevu wa udongo usipande. Juu yake majani makavu, tukiwa tumeyapiga kwanza na fimbo ili kufukuza wadudu. Kisha katoni zilizofunguliwa, mbili au tatu. Kisha mkeka. Katoni zinapatikana bure kwa wauza butiki, na zinashinda blanketi la bei kali lililotandikwa juu ya udongo mtupu.

Kanuni rahisi ya kuwafundisha watoto ni hii: kwa kila kitu cha juu, viwili vya chini.

Kwa kujifunika, blanketi mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, maana hewa inakaa katikati yao. Mtoto avae nguo kavu za kulalia, si zile alizochezea mchana, maana jasho likipoa linaleta baridi. Aongeze soksi na kofia ya sufu. Kikwembe kinaweza kuwa shuka la ndani. Kinatunza blanketi lisichafuke, na asubuhi kinafuliwa na kukauka upesi.

Wengine watakuta sokoni mifuko ya kulalia, mipya au iliyokwisha kutumika. Ni vitu vizuri, lakini musome karatasi iliyoshonwa ndani. Mara nyingi kuna namba mbili au tatu za joto. Ile ya chini kabisa si ya kulala vizuri. Inaonyesha mahali ambapo mfuko unakaribia kushindwa. Inayotuhusu ni namba ya starehe, ambayo kwa Kifaransa inaandikwa confort. Hiyo imepimwa kwa mwanamuke mtu muzima. Kwa watoto wadogo vipimo hivyo havikufanywa, kwa hiyo mtoto aongezewe blanketi hata kama mfuko unasifiwa namna gani. Na mfuko mpana mno unamwacha mtoto apashe joto nafasi tupu. Mama akunje upande wa miguu na kuufunga kwa kamba.

Mbabula isiingie ndani

Hapa tunaomba kila mama asome polepole, na amsomee jirani asiyejua kusoma.

Usiku wa baridi, mtu anaweza kupata wazo la kuingiza mbabula ndani ya hema ili watoto wapate joto. Anangoja makala yawe mekundu, moshi uishe, kisha anafunga mlango. Anafikiri kwamba pasipo moshi hakuna hatari. Si kweli. Makala yanayowaka, hata yale yaliyofunikwa na majivu, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Anayeivuta anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, anakuwa muzito. Lakini aliyekwisha kulala hasikii lolote kati ya hayo. Anaendelea kulala tu, na anaweza asiamuke tena.

Hema ni dogo kuliko chumba, na kitambaa chake kikilowa umande kinapitisha hewa kidogo sana. Kuacha mlango wazi nusu hakutoshi. Jeneratera pia isiwekwe karibu na mahali pa kulala, maana inatoa sumu ileile.

Kama mtu amekutwa hali hiyo, atolewe inje kwenye hewa safi mara moja, na apelekwe hospitali, hata kama ameamuka na anasema amepona.

Njia nyingine za kupata joto ziko. Watoto wale bukari ya moto na mboga kabla ya kulala. Wakojoe, wasilale na kibofu kilichojaa. Wapashe miguu karibu na moto wa inje, kisha wavae soksi kavu na kuingia kitandani. Mama anaweza kujaza maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa inayofunga vizuri, aiingize ndani ya soksi na kuiweka penye miguu. Mtoto mchanga alale karibu na mama yake, uso wake ukiwa wazi, pasipo blanketi zito juu ya kichwa. Na kama baridi inazidi, turudi nyumbani. Safari iliyokatishwa haina aibu.

Chandarua kisisahauliwe

Nchi yetu ni mojawapo ya zile mbili ambazo malaria inaua watu wengi zaidi ulimwenguni. Nyingine ni Nigeria. Kiangazi mbu wanapungua mujini, lakini kando ya mto, bwawa au bustani inayomwagiliwa wanaendelea kuzaana. Na mbu anayeleta malaria anauma hasa usiku, wakati ambapo watoto wako inje wakizunguka moto.

Mahema mengi yana wavu mlangoni na dirishani. Wavu huo unasaidia kama ni mzima na kama watoto wanafunga zipu kila wanapopita. Watoto gani watafanya hivyo? Tubebe mustikere yenye dawa tuliyo nayo nyumbani. Ile ya pembe nne inaweza kufungwa kwa kamba kwenye miti miwili au chini ya bashi, na mapindo yake yaingizwe chini ya matela. Lakini tusichukue chandarua cha mtoto anayebaki nyumbani na bibi yake. Kikitoka kitandani mwake, yeye ndiye atakayelipa safari ya wengine.

Jioni, mikono mirefu na suruali. Viatu vya kufunika miguu, si kandambili, kwa sababu ya nyoka na miiba. Asubuhi kila mtoto akung'ute viatu vyake kabla ya kuvaa.

Maji: tuhesabu kabla ya kuondoka

Mashirika ya msaada yana vipimo vyao vinavyoitwa Sphere. Kwa mtu mmoja, kwa siku, kunywa, kupika na usafi wa lazima vinahitaji kati ya litre 7.5 na 15. Tuchukue kipimo kidogo. Jamaa ya watu 6, siku 2: 7.5 mara 6 mara 2, ni litre 90. Hizo ni bidoni tano za litre 20, ya mwisho ikiwa nusu. Kila bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Hesabu hiyo inatuambia jambo: au tuwe na motokari inayoweza kubeba, au tuchague mahali penye kisima tunachokijua.

Kwetu Katanga kuna onyo lingine. Mito mingi inapita karibu na migodi na viwanda vya shaba na kobalti. Maji yanaweza kuonekana meupe na kuwa na madini ndani yake. Kuyachemsha kunaua vidudu, lakini hakuondoi madini. Kwa hiyo maji ya mto wa namna hiyo tusiyanywe, tusiyapikie, tusimwogeshe mtoto. Tuwaulize wenyeji wanakunywa wapi wao wenyewe.

Maji ya kisima cha kawaida tuyachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa, yaendelee hivyo dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Bidoni za maji ya kunywa ziwekewe alama, zisichanganyike na za kufulia. Na maji yaliyotuama, yenye majani na konokono, watoto wasiyaingie hata mchana ukiwa na joto, kwa sababu ya bilharzia. Katika Lufira na maziwa yake kuna mamba pia.

Sasa tuzungumze juu ya hema

Kama vitu vile vyote vimepatikana na feza imebaki, hema ni zuri. Linazuia upepo na umande, linawapa watoto nyumba yao. Tukienda sokoni, tusikubali kununua likiwa limekunjwa katika mfuko. Tumwombe mwuzaji alifungue lote, au twende na kaka anayejua, tulisimamishe pale pale.

Tutazame mambo haya. Idadi ya watu iliyoandikwa inahesabu miili iliyobanana bega kwa bega; hema la watu 4 linatosha mama na watoto wawili pamoja na mizigo yao. Fimbo ziko zote, na hakuna iliyopasuka. Zipu inakwenda na kurudi mara kumi bila kukwama. Wavu hauna tundu. Sakafu imeshonwa pamoja na ukuta, ili mdudu asipite chini. Kuna kitambaa cha pili cha juu, kisichogusa kile cha ndani. Pasipo hicho, pumzi ya watu wanne inageuka maji na kuwadondokea usiku. Misumari ya kufungia imo, na kama ni ya waya laini, tununue misumari mirefu ya fundi, maana udongo wa kiangazi ni mgumu kama saruji. Rangi ituhusu mwisho kabisa.

Kama feza haitoshi, bashi nzuri ya mita 4 kwa 5, kamba mita 20 na fimbo mbili vinatosha kwa usiku mbili za kiangazi. Kamba ifungwe kati ya miti miwili, bashi ipite juu yake, mapindo yashikwe na mawe, na upande unaotoka upepo uwe chini kabisa. Chandarua kinafungwa ndani.

Hapa tuseme neno lingine kwa heshima. Kati yetu kuna wamama waliotoka Kivu na sehemu nyingine ambako bashi haikuwa mchezo. Waliishi chini yake miezi na miaka. Wakisikia watu wanapanga kwenda kulala chini ya bashi kwa furaha, moyo wao unaweza kuuma. Tusiwalazimishe waje, wala watoto wao. Lakini tukiwauliza kwa upole, wao ndio walimu wetu. Wanajua jinsi ya kuchimba mfereji mdogo kuzunguka bashi, jinsi ya kutunza maji safi mahali penye watu wengi, na kwa nini choo kinapangwa siku ya kwanza, mbali na maji, na siyo siku ya pili.

Moto, mwanga na sanduku la dawa

Tubebe makala yetu kutoka nyumbani. Tusikate miti ya shamba la watu. Kiangazi majani ni makavu, na cheche moja inaweza kuunguza pori zima. Mahali pa moto pafyekwe mpaka udongo uonekane, hatua mbili kila upande, na ndoo ya maji au mchanga isimame hapo wakati wote. Kabla ya kulala, moto umwagiwe maji, majivu yakorogwe, yamwagiwe tena, mpaka mkono ukisogezwa karibu usisikie joto.

Kila mtu awe na tochi, hata mtoto wa miaka sita. Mshumaa usiingie ndani ya hema. Kila mtoto avalishwe firimbi shingoni, na tukubaliane: akipotea, asimame pale pale na kupiga mara tatu.

Katika sanduku tuweke dawa ya homa ya kipimo cha watoto, sabuni, bandeji, dawa ya kusafisha kidonda, chumvi na sukari. Mtoto akiharisha: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojazwa sana, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akiumwa na nyoka: mguu au mkono utulizwe na kufungwa kwenye ubao usitikisike, tusikate, tusinyonye, tusifunge kamba ya kukaza, twende hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tuwe tumejua hospitali ya karibu ni ipi na motokari gani itatupeleka usiku. Mkubwa wa kijiji ajulishwe kwamba tuko pale, ni watu wangapi, na tutaondoka lini.

Wale wanaoota kuona maporomoko ya Lofoi katika mbuga ya Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300, waweke ndoto hiyo kwa mwaka mwingine. Ni mbali, na ruhusa inaombwa kwa ICCN. Safari ya kwanza iwe mahali ambapo tunaweza kurudi nyumbani kwa saa moja au mbili.

Tununue pamoja, tujaribu nyumbani

Mama mmoja akinunua hema peke yake, litatumika siku mbili na kulala kabatini mwaka mzima. Kikundi cha wamama kumi kinaweza kuwa na mahema mawili, bashi tatu na bidoni kumi vya kuzungushana, kama tunavyozungusha likelemba. Tunahitaji daftari moja, mama mmoja wa kutunza, na kanuni moja: kila kitu kinarudi kikiwa kikavu, kimehesabiwa, na kilichoharibika kimesemwa. Hema likikunjwa na unyevu linaoza kabla ya vakansi ijayo. Blanketi, sufuria na chandarua kila jamaa ije na vyake.

Na kabla ya safari, kila jamaa ilale usiku mmoja katika lupango yake. Tusimamishe hema au bashi kati ya ukuta na muti wa maembe, tulale pale na watoto wote. Saa tisa za usiku tutajua nani amesikia baridi, zipu gani imekwama, tochi gani haina mabetri, na mtoto gani anaogopa giza. Asubuhi mama aandike kilichopungua. Karatasi hiyo ndiyo orodha ya kupeleka sokoni, nayo itakuwa fupi kuliko tulivyofikiri.

Vikundi vinavyotaka kuanza daftari la vyombo vya pamoja vilete majina kwenye mkutano wa juma lijalo. Mama atakayekuwa amekwisha kulala katika lupango yake aje na karatasi yake, tutaisoma pamoja.